Tabora: nilivyomfukuza mwanafunzi wangu bora wa Kiingereza, na siku aliyorudi bila kuitwa

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nazima simu. Leo nimeona na mimi niandike, maana jambo hili limenikaa kooni.

Hii siyo chai. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na yale yanayonifedhehesha mwenyewe. Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nina miaka thelathini na nane, sina mke, sina mtoto. Kwetu ni Kisarawe, Mzaramo wa baba na mama, ila nimezaliwa na kukulia Temeke, na Kizaramo changu kinaishia kwenye salamu. Mama alifariki nikiwa chuo.

Nilikuja Tabora kwa mkataba wa shule moja binafsi. Nikapanga Ipuli, kijumba cha vyumba viwili, kina uzio wake na kageti kake ka bati.

Sasa wakuu, sijui kama kuna mtu humu amewahi kuhamia mji ambao hana hata mtu mmoja wa kumwomba chumvi.

Tabora siyo mji mbaya, msinielewe vibaya. Watu wanasalimia mpaka unachoka kuitikia. Lakini kusalimiwa siyo kutembelewa. Ijumaa natoka msikitini, kila mtu anakwenda kula kwao. Jumapili asubuhi nasikia kwaya ya Wamoraviani inaimba, na mimi niko uani nafua. Nilifika mahali nafua nguo ambazo hazijachafuka.

Halafu jaribuni kupika wali wa mtu mmoja. Ama unaungua, ama unabaki mpaka kesho kutwa.

Redio nilikuwa nawasha ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Sikuwa nasikiliza chochote.

Simu yangu ilikuwa inaita mara moja kwa wiki. Baba, kila Ijumaa baada ya swala.

"Upo?"

"Nipo baba. Shikamoo."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula."

"Haya."

Anakata. Hata dakika haifiki. Alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, na tangu mama afariki alirudi Kisarawe, akawa anaishi peke yake. Mimi nilikuwa naona ni sawa tu. Mzee ana nyumba yake, ana randa yake na misumeno yake, anataka nini tena?

Basi, upweke uliponizidi nikaanzisha darasa la jioni la watu wazima. Naomba mnielewe hapo, sikulianzisha kwa kutafuta maisha. Nilitaka watu wa kukaa nao kuanzia saa kumi na moja mpaka jua lizame, maana hizo ndizo saa zilizokuwa zinaniua.

Chumba alinipa Hilali. Huyu ni mfanyabiashara wa rika langu, ana duka la vitambaa mjini, familia yao ni Waarabu wa Tabora toka enzi za babu wa babu zake. Akanipa stoo ya nyuma ya duka, na yeye mwenyewe akawa mwanafunzi wa kwanza. Mpaka mwezi wa pili tulikuwa watu kumi na wanne. Bodaboda, fundi cherehani, nesi mstaafu, wauza duka.

Na Mama Kalunde.

Mama Kalunde ni Mnyamwezi wa kuzaliwa Bukene, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki. Siku ya kwanza nilimuuliza kila mtu kwa nini anataka Kiingereza. Yeye akasema hivi:

"Wageni wanakuja kuona asali yetu. Mimi naongea dakika kumi, naeleza mizinga, naeleza maua, naeleza moshi. Mwanangu anayenitafsiria anawaambia 'she says welcome'. Nimechoka kusema welcome."

Darasa zima likacheka. Nikajua huyu atafika mbali.

Na kweli alifika. Kasheshe ni jinsi alivyofika.

Siku ile ile ya kwanza nilimwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mama." Akaniuliza kwanza, "Wewe kabila gani mwalimu?" Nikamwambia Mzaramo. Uso ukamng'aa, akapiga makofi. Akaitikia:

"Marahaba, mtumwa wangu!"

Dah. Nilishtuka, ila nikameza. Nikasema huyu mama labda ni mcheshi tu.

Somo langu la mwanzo lilikuwa adjectives, zile zinazowachanganya watu. Kama umefungua uzi kwa ajili ya Kiingereza tu, chukua hizi mbili uondoke salama.

Bored na boring. Bored ni wewe uliyechoshwa. Boring ni kile kinachochosha, au yule anayechosha. Watu wanaingia kwenye interview wanasema "I am boring" wakidhani wamesema wamechoka kukaa nyumbani. Bosi anaamini, anakuacha.

Sensible na sensitive. Sensible ni mtu wa akili iliyotulia, anayepima jambo. Sensitive ni mwepesi wa kuumia, ukimgusa kidogo kavimba. Mimi nilikuwa najihesabu sensible. Endeleeni kusoma.

Utaratibu wangu ni kwamba nikishaeleza maneno mawili, kila mtu atoe sentensi yake mwenyewe, siyo ya kitabuni. Wengine walikuwa wanatoa za kuogopa ogopa. Mama Kalunde za kwake zote zilikuwa zinanihusu mimi.

Nafundisha lazy, anasimama: "The teacher is lazy, like all Wazaramo."

Nafundisha greedy: "The teacher is thin because he is greedy and God is punishing him."

Nafundisha ugly. Wakuu, ya ugly naomba niiache.

Na kinachouma zaidi, zilikuwa sahihi! Hakuna kosa hata moja. Nilikuwa natukanwa, halafu inabidi niandike "very good" kwenye daftari lake. Darasa wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi natabasamu meno nje, ndani nachemka. Nilikuwa najiuliza huyu mama nimemkosea nini. Ana umri wa mama yangu, kwa nini ananidhalilisha?

Ikafika siku ya alone na lonely.

Nikawaeleza vizuri tu. Alone ni hesabu, uko mmoja, hakuna mwingine. Mtu anaweza kuwa alone na akawa na raha zake. Lonely ni maumivu. Unaweza kuwa lonely katikati ya harusi. Nikaona hata mimi mwenyewe nimeeleza kwa sauti iliyopungua kidogo.

Mama Kalunde akasimama, akatengeneza khanga yake begani:

"The teacher lives alone. He is lonely because even the goats of Ipuli refuse to visit him."

Kicheko kilichotoka pale, Hilali alilala juu ya meza.

Mimi sikucheka. Wakuu, ile sentensi ilinichoma mahali ambapo hakuna mtu alikuwa anajua kwamba nina kidonda. Nikaweka chaki chini. Nikamwambia:

"Mama, nakuheshimu kama mzazi. Lakini mimi siyo mtumwa wako na sikuja hapa kutukanwa. Kama umeshindwa kuniheshimu, mlango ule pale."

Hilali akainua kichwa mezani.

Mama Kalunde alinitazama usoni. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonishangaza. Alikuwa kama mtu aliyebisha hodi kwa ndugu yake akaambiwa hatujui wewe ni nani.

"Haya mwalimu," akasema. "Nimekosea nyumba."

Akafunga daftari ndani ya khanga, akatoka.

Baada ya kipindi Hilali alibaki. Akaniambia, "Mwalimu, umefanya kitu kibaya sana. Yule ni mtani wako. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara. Hakukutukana, amekupokea."

Nikamjibu kwa kiburi changu, "Undugu gani wa kuitana watumwa?"

Utani mimi nilikuwa naujua ule wa Simba na Yanga, na vijembe vya Wachaga na Wapare mitandaoni. Kwamba kuna mtu mzima anaweza kukuchukua kuwa wake kwa kukuita mvivu mbele za watu, hilo Temeke hakunifundisha mtu. Au nilifundishwa, nikawa nachezea simu.

Hilali akatikisa kichwa. "Kamwambie neno. Hata moja."

Sikwenda. Kila siku nasema kesho. Najitetea kwamba mimi ndiye niliyekosewa, yeye ndiye aje. Mnaijua hiyo hali, ya kupita mbali na soko ili usikutane na mtu.

Darasa nalo likapoa. Wakawa wanatoa sentensi za kitabuni. "The dog is black." Hakuna anayecheka. Kutoka kumi na wanne wakabaki sita, na hao sita wananiita "Sir" kwa adabu ambayo ilikuwa inanitia baridi. Narudi Ipuli, nafungua kageti, nafunga kageti, nawasha redio.

(Samahanini, umeme ulikatika. Naendelea.)

Ilikuwa Jumatano, kama wiki tano baadaye. Niko shuleni, saa tatu asubuhi, simu ikaita. Shangazi, dada yake baba. Shangazi huwa hanipigii.

"Mwanangu, kaa chini kwanza."

Baba alikuwa ameswali alfajiri, akarudi kulala, hakuamka.

Nikamwambia shangazi nakuja. Akaniuliza nakujaje. Basi za Dar zinatoka Tabora alfajiri, zilikuwa zimeshaondoka. Ndege siku hiyo haikuwepo. Nikamwomba wanisubiri hadi kesho. Akasema, "Baba yako mwenyewe aliusia asicheleweshwe. Tunamzika baada ya alasiri. Tusamehe mwanangu."

Kwa sisi Waislamu mnaelewa. Sikuwa na la kubisha.

Nikaomba ruhusa shuleni. Mkuu wa shule akanipa pole, wenzangu wakanipa pole pale ofisini, mkono kwa mkono, kisha kengele ikalia wakaingia madarasani. Nikarudi nyumbani.

Sasa fikirini. Nimekaa kitandani Ipuli, baba yangu anaoshwa Kisarawe. Sina wa kumwambia "baba amefariki" nikamwona usoni. Sikulia. Nilikuwa mkavu tu. Nilifagia chumba. Nikafagia tena.

Nikaweka picha yake kwenye status ya WhatsApp, ile aliyoshika randa, nikaandika Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kisha nikawa nafungua kuangalia nani ameona. Watu wakawa wanatuma "pole sana" na vile vimikono viwili vilivyoshikana. Kwenye orodha ya walioona nikaliona jina la Mama Kalunde. Ameona, hajaandika kitu.

Nikasema sawa. Ni haki yake.

Ilipofika saa kumi nikajua sasa ndiyo wanamtoa. Shangazi alinipigia nikasikia watu wanaitikia dua, akaniambia, "Amebebwa kwenye jeneza lake." Maana jeneza la msikiti wa pale baba ndiye aliyelitengeneza, bure, miaka mingi nyuma. Halafu mtandao ukakata.

Nikabaki nimeshika simu.

Hapo ndipo niliposikia kageti kangu ka bati kanapigwa kama kanavunjwa.

"Mtumwa wangu yuko wapi? Nani kampa baba yake ruhusa ya kufa bila kuniambia?"

Mama Kalunde. Ana sufuria kubwa kichwani, khanga kiunoni, nyuma yake Hilali, nesi, fundi cherehani, bodaboda wawili na pikipiki zao zimebeba kuni, maji na gunia la mchele. Wengi wao ni wale walioacha kuja darasani. Majirani ambao sijawahi kuwajua majina wametoka kuchungulia.

Kitu cha kwanza nilichofikiria, na naona aibu kukiandika, ni kwamba huyu mama amenifuata mpaka msibani kunitukana.

Hakuniomba kuingia. Alinipita mlangoni, akaburuta godoro langu mpaka sebuleni, akatandika mkeka uani. Akafungua sufuria zangu, akapiga kelele ili majirani wasikie:

"Tazameni! Kasufuria kadogo hivi! Huyu Mzaramo hajawahi kutarajia mgeni!"

Majirani wakaanza kucheka, wakaanza kuingia. Mmoja kaleta viti, mwingine michembe, viazi vitamu vya kukaushwa. Moto ukawashwa. Hilali akakaa kwenye mkeka, akasoma Yasin kwa utulivu, wote wakanyamaza, Wakristo na Waislamu. Alipomaliza dua, Mama Kalunde akaja akakaa mbele yangu.

Akazungumza kwa sauti ya chini safari hii.

"Mwalimu. Babu zetu walikuwa wanabeba meno ya tembo kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu. Wengine hawakufika. Waliokufa wakiwa Uzaramo, unajua walizikwa na nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Walizikwa na nyie. Hawana mama pale, hawana kaka, wakazikwa na nyie. Na wa kwenu waliofia huku tuliwazika sisi. Sasa wewe umefiwa ukiwa kwetu. Hata ukinifukuza mara mia, leo ni kazi yangu."



"Na kazi ya mtani msibani ni kumwiga marehemu, watu wacheke," akaendelea, sauti ikapanda tena. "Lakini mimi huyu mzee sikumjua! Nitamwigaje? Haya mwalimu, fundisha. Alikuwaje?"

Wakajisogeza kwenye mkeka, kama darasani.

"Alikuwa mtu mzuri," nikasema.

"Mzuri ndiyo nini? Si wewe uliyetukataza 'good' na 'nice'? Ulisema ni maneno ya wavivu."

Nikafikiri. Nikasema hakuwa anatupa kitu. Misumari iliyopinda alikuwa anainyoosha kwa nyundo, anaiweka kwenye kopo, anaitumia tena.

"Stingy," akasema Hilali.

"Siyo stingy!" Nilipandisha sauti mwenyewe nikashangaa. "Stingy ni yule ambaye kutoa kunamuuma. Baba kutoa hakukumuuma. Jeneza la msikiti alitoa. Kilichokuwa kinamuuma ni kitu kupotea bure. Huyo anaitwa thrifty."

"Thrifty," wakarudia wote. Nesi akatoa daftari kwenye mkoba, akaandika. Naapa, aliandika.

"Alikuwa harsh?" akauliza bodaboda mmoja.

"Hapana. Strict. Harsh anakuumiza hata pasipo sababu. Baba hakuwahi kunipiga. Ila ukimdanganya, hakusemeshi siku mbili."

"Shy?"

"Quiet. Mtu shy anaogopa watu. Baba hakuogopa mtu, alikuwa tu hana maneno ya ziada."

Nikaendelea. Nikajikuta nazungumza kuliko nilivyozungumza miezi yote ya Tabora. Proud, siyo arrogant. Old, lakini siyo weak. Kila neno wanalileta, nalipima, nalikubali au nalikataa, na kila nililolikataa lilikuwa linanionyesha baba vizuri zaidi. Nilikuwa namjua kuliko nilivyodhani.

Kisha Mama Kalunde akauliza, "Alikuwa anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Alone?"

"Ndiyo. Alone."

"Au lonely?"

Hakuuliza kwa utani. Aliuliza kama mwanafunzi anayetaka kujua.

Wakuu, hilo sikulijua. Nimefundisha yale maneno mawili mara ngapi? Na kila Ijumaa yule mzee alikuwa ananipigia akiuliza "Upo?", nami najibu "Nipo", sijawahi hata siku moja kumuuliza, "Na wewe baba, upo?" Mimi nilikuwa nakaa Ipuli nakufa kwa upweke, na upande wa pili wa simu kulikuwa na mtu mwingine labda anakufa kwa upweke ule ule, na wote wawili tunasema "Haya" tunakata.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, kamasi na kila kitu. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Nesi alinishika mgongo tu.

Nilipotulia kidogo, Mama Kalunde akauliza, "Alikuwa akiingia nyumba ya mtu anafanyaje?"

Nikamwambia. Baba alikuwa akiingia kwa mtu yeyote, kabla hajakaa, kabla hata ya maji, anakohoa mara moja, anakwenda kwenye meza anaitikisa. Anatikisa na kiti. Kama kinayumba anasonya, anauliza, "Fundi gani huyu?" Tulikuwa tunaona aibu kwenda naye ugenini.

Mama Kalunde akainuka. Akachukua shati langu kwenye kamba, akalivaa juu ya blauzi. Akatoka nje ya geti. Tukasubiri.

Akakohoa mara moja.

Akaingia polepole, mikono nyuma, hatazami mtu. Akapita katikati yetu mpaka ndani sebuleni, mlango uko wazi wote tunaona, akaishika meza yangu ile niliyonunua mnadani, akaitikisa. Ikayumba vibaya sana. Akasonya msonyo mrefu. Akanigeukia:

"Fundi gani huyu?"

Wakuu, nilicheka mpaka nikaanguka ubavu. Nilicheka na machozi yananitoka. Uwanja mzima ulicheka, majirani, watoto, Hilali na kofia yake imedondoka. Baba hakuwahi kufika Tabora. Nilimwambia mara mbili tatu aje, kwa mdomo tu. Jioni ile ilikuwa kama amekuja kukagua ninavyoishi, na hakuridhika.

Alipovua shati nikaona sasa lazima niseme.

"Mama Kalunde, siku ile darasani, naomba uni..."

Akaniwekea mkono usoni. "Mtani haombi radhi. Mtani anajibu."

Wote wakanitazama. Hata wale wa jikoni wameacha kukoroga. Nikaelewa kwamba hapo ndipo penyewe. Nikishindwa hapo, wamenipikia kama msamaria yeyote anavyompikia mfiwa, wataosha sufuria, wataondoka, na kesho nitakuwa tena mwalimu wa watu.

Mimi sijui kutukana wakubwa, sikulelewa hivyo. Nikafungua mdomo, likatoka hili:

"Nyie Wanyamwezi mmebeba mizigo mpaka vichwa vimekuwa bapa. Ndiyo maana nikiwawekea Kiingereza kinateleza."



Kisha Mama Kalunde akapiga makofi, akajishika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. "Amejibu!" anawaambia watu. "Mtumwa wangu amejibu! Mmesikia?"

Halafu, akiwa pale pale chini, uso ukambadilika. Akaweka mikono kichwani.

"Sasa na mimi nimefiwa," akasema.

Akaanza kulia. Siyo kuigiza, naomba mniamini. Alimlilia baba yangu ambaye hakuwahi kumwona, alimlilia kwa Kinyamwezi, kwa sauti ndefu, kama mtu anayemlilia kaka yake wa tumbo moja. Na mimi nikaenda nikakaa naye vumbini.

Walikaa nami siku tatu. Siku ya nne nikapanda basi kwenda Kisarawe, nimebeba asali ya Mama Kalunde kwa shangazi, pamoja na ujumbe wa matusi ambao shangazi aliupokea kwa vigelegele. Yeye utani alikuwa anaujua vizuri tu. Mjinga nilikuwa mimi.

Darasa limerudi. Tuko kumi na saba.

Nisiwadanganye kwamba upweke umekwisha. Kuna jioni unarudi kama vile haukuondoka. Lakini sasa kuna watu wakiona kageti kangu kamefungwa siku mbili wanakuja kunitukana, nami najibu.

Nililojifunza ni moja tu. Ukihamia kwa watu, usianze kwa kuwaambia wewe ni nani. Waulize kwanza wewe ni nani kwao. Inawezekana wana jibu la zamani kuliko wewe, na wamekuwa wanakungoja.

Wenye watani mikoani wamwage hapa walivyogundua. Wenye maswali ya Kiingereza pia ulizeni, nitajibu kila mtu kwa zamu, sina haraka.

Lakini kama una mzazi anaishi peke yake mahali, achana na comment kwanza. Mpigie sasa hivi, umuulize kama na yeye yupo. Akisema "haya", usikate.